Njia ya Lori Kwenye Ukingo wa Kavyuni

Ploti ya Bluu, ghorofa ya nne,
Kware, Embakasi,
Nairobi.

Jumapili, 17 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mwangangi,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba ile damu ya pua uliyosema inatoka kwa sababu ya joto la huko jangwani imekoma. Unakunywa maji ya kutosha? Usinijibu "ndiyo dada" haraka haraka kama kawaida yako. Na saa za mchana wanawapumzisha, au mnaendelea kubeba vyuma na jua lile? Huwa nakuombea kila siku, hata siku zile nimechoka mpaka nasinzia katikati ya sala na kushtuka kabla sijafika kwenye amina.

Huku kwetu tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Nabiswa bado yuko pale stoo ya reli na anakusalimu sana. Ryan ameota meno mawili ya chini na ameanza kuyajaribu kwangu anaponyonya. Wanza yuko gredi ya kwanza na anasoma kila kibandiko cha dukani kwa sauti, hata vile vya dawa ya panya. Kila ndege ikishuka juu ya paa letu kwenda kutua, anakimbia kwenye veranda kupunga mkono: "Mjomba huyo!" Nimemwambia mara nyingi kwamba si kila ndege ina mjomba ndani. Hataki kusikia, na mimi nimeacha kubishana naye.

Mimi pia sijambo, ila nimechoka. Si ugonjwa. Ni kupanda ngazi na mtoto mgongoni na mtungi mkononi, kwa maana mfereji wa ploti siku hizi unatoa maji Jumanne na Ijumaa, na Ijumaa nayo ni bahati.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani na simu iko. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kwenye simu wewe hunishinda. Nikianza kusema, unaniambia, "Dada tulia, nitashughulikia," halafu mtandao unapotea, halafu wiki tatu zinaisha. Barua huwezi kuikatia. Sababu ya pili utaiona huko mbele. Anayekuletea ni Okinyi wa Kaloleni, huyo mnayekaa naye chumba kimoja. Likizo yake inaisha Alhamisi. Nimempa na ndengu kidogo za bibi yetu, Susu. Mpikie naye, usimfiche.

Sasa nikae vizuri nikueleze habari za mto wetu wa Kavyuni.

Shule zilipofungwa nilienda nyumbani na watoto, nikakaa siku tisa. Nilikuwa nimemwahidi Wanza mto. Hapa anajua mto mmoja tu, huu mweusi unaopita nyuma ya ploti, ambao watoto wanakatazwa hata kuusogelea. Nilikuwa nimemwambia kwamba kwetu kuna mto wa mchanga, ambao mtu anautembelea juu kwa miguu bila viatu, na ukitaka maji unafukua kwa mikono kidogo tu yanakuja, safi, baridi. Alidhani ni hadithi. Aliniuliza, "Kama maji yako chini, nani aliyafunika?"

Tulifika jioni. Asubuhi yake nikamshika mkono tukashuka mpaka pale kwenye kona ya mkuyu. Mwangangi, hakukuwa na mchanga.

Nasema hakukuwa, sisemi umepungua. Palikuwa na mwamba mtupu na udongo mweusi uliopasuka. Mizizi ya mkuyu ilikuwa inaning'inia hewani juu ya kichwa changu, mahali ambapo sisi tulikuwa tunaikalia. Unakumbuka tulivyokuwa tunaruka kutoka kwenye mzizi ule mkubwa na kuangukia mchangani, na Susu anapiga kelele kutoka juu kwamba tutavunjika shingo? Ukiruka leo, utavunjika kweli. Ni urefu wa mtu na nusu.

Wanza akaniangalia, akasema, "Mama, ni huu?"

Nilimrudisha nyumbani. Siku ya pili nikamwomba Kavinya tuufuate mto wote, nione umeharibika kutoka wapi. Unamjua Kavinya, yule jirani mwenye punda wawili. Siku hizi ndiye anayeongoza mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi za mashamba. Nilimfunga Ryan mgongoni, tukaanzia juu kabisa, Iviani.

Pale Iviani hapajabadilika. Ule mwamba mkubwa bado unatoa jasho upande wa chini, na nyuki bado wanakuja kunywa pale. Nilitia ulimi kama tulivyokuwa tunafanya. Maji yana ladha ile ile ya senti za zamani. Kavinya alinicheka, akasema, "Mama wa Nairobi analamba mawe!" Kutoka hapo mto unateremka kama kamba nyembamba kati ya makingamaji ya mzee Kivuva, ambaye amelima mpaka ukingoni kabisa, halafu unapita chini ya shule yetu. Watoto bado wanabeba maji kwenda shuleni, kila mtu na kamtungi kake. Mahali ulipopoteza kiatu chako cha kushoto na ukachapwa na Susu kwa hicho cha kulia, mchanga bado unafika magotini.

Baada ya shule kuna ule uwanda wa michongoma, mto unapanuka, na mchanga uko. Nilianza kupata matumaini. Tukatembea. Kisha Kavinya akanishika bega, akasema, "Angalia mbele yako." Mchanga ulikuwa umekatika pale kama mkate uliokatwa kwa kisu. Hapo ndipo shamba letu linapoanzia. Na wakati tumesimama pale, ule ukuta wa mchanga ulikuwa unamomonyoka wenyewe kidogo kidogo, unateremka kwenda kujaza shimo la chini, chururu, chururu, bila mtu kuugusa. Kavinya anasema kila mwezi unarudi nyuma hatua kadhaa. Mvua mbili tatu zijazo, shule nayo itakuwa imekaa juu ya mwamba.

Kutoka kwetu kwenda chini ni udongo na mawe mpaka kwenye mto Athi. Tulifika mpaka huko, nikakaa kwenye jiwe nikamnyonyesha Ryan. Maji ya Athi ni mengi lakini yana rangi ninayoijua. Haya ni maji ya hapa kwangu. Yanapita nyuma ya ploti yetu yakiwa na mifuko na kila kitu, yanazunguka huko kote, yanaenda kupita kwetu. Harufu yake niliitambua, Mwangangi, nikaona aibu mbele ya Kavinya kana kwamba mimi ndiye nimeyaleta.

Sasa nikuambie palipoharibika. Ni kwenye njia yako.

Usiweke barua chini. Endelea kusoma.

Unakumbuka mwaka juzi kabla ya kusafiri ulivyoukata ukingo ili lori liweze kushuka mpaka mtoni, lilete mawe ya nyumba ya Susu na kuchota mchanga wa msingi hapo hapo, badala ya kununua wa mbali. Sote tulifurahi. Mimi ndiye niliyewapikia chapati vijana waliochimba, na mimi ndiye niliyepiga video nikawatumia watu wote, nikaandika, "Susu anajengewa." Kwa hiyo sikai hapa kama hakimu. Ulitia sahihi karatasi na mwenye malori. Nimeiona hiyo karatasi, chifu alinionyesha nakala. Imeandikwa kwamba wewe, mwenye shamba, unamruhusu kuingia na kutoa mchanga wa kazi "hadi nyumba iishe."

Nyumba haijaisha. Imefika kwenye linta, juu ya madirisha, na imekaa hapo tangu Desemba. Haina paa. Lile tangi ulilotuma liko kando ya ukuta, tupu, kuku wanataga chini yake, kwa sababu hakuna bati la kulilisha maji. Na kwa kuwa nyumba haijaisha, njia iko wazi. Malori yanaingia asubuhi, yanaingia mchana, kila siku ila Jumapili. Mchanga hauendi kwenye nyumba ya Susu. Unakuja Nairobi.

Nilienda kwa chifu. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti kwa sababu ya mtoto. Akaniambia, "Binti yangu, mimi nalia kama wewe. Lakini hapa pana jina na sahihi ya mwenye shamba. Si wewe. Niletee karatasi nyingine yenye jina hilo hilo na sahihi hiyo hiyo, inayosema basi, na kesho yake nitaweka mti barabarani." Nikamwambia wewe unaweza kumpigia simu. Akasema simu haiwekwi kwenye faili.

Siku ya nne nilifanya kitu cha kijinga. Nilishuka na Ryan mgongoni nikasimama katikati ya njia, lori likishuka. Dereva alisimamisha, hakupiga hata honi. Alitoa kichwa dirishani.

"Dada, toka hapo, mtoto atakula vumbi."

Nikamwambia sitoki, huu mchanga ni wa bibi yangu.

"Bibi yako ako na risiti?" Vijana wa kupakia wakacheka huko juu.

Nikamwambia anaweza kunikanyaga akitaka. Akazima injini kabisa, akaniangalia kama mtu aliyechoka, akaniuliza, "Kwani wewe unakaa wapi? Hapa hapa?"

"Nakaa Nairobi."

"Wapi Nairobi?"

"Kware."

"Kware hiyo ya Pipeline? Mimi nimemwaga mchanga huko mpaka najua mashimo yote kwa majina. Ghorofa ngapi?"

"Nne."

"Ghorofa ya nne." Akawageukia wenzake. "Sikieni huyu. Mama, hiyo ghorofa ya nne ilijengwa na unga wa ugali?"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha sepetu. Nilitoka njiani. Hakuna aliyenisukuma. Alipopita alinipa chupa ya maji, akasema mpe mtoto. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hakuwa mtu mbaya.

Hapa chini ya ploti yetu wanajenga nyingine, na mchanga umemwagwa mpaka kwenye ngazi. Nikirudi kutoka sokoni naupita, kila siku. Nabiswa ananiambia, "Mama Wanza, acha kuuangalia mchanga kama mtu unayemdai." Yeye ni wa magharibi, kwao mito haikauki, hajui aniambie nini zaidi ya hapo. Amejaribu.

Sasa nifike kwa Susu, kwa maana ndiye sababu ya haya yote.

Wewe unajua kisima chetu cha mchangani kilivyokuwa. Susu anafukua, anazungushia miiba, anachota, na akimaliza anaiacha kata yake ya kibuyu juu ya mti uliochomekwa pembeni, imeinamishwa, ili yeyote apitaye anywe. Hakuna aliyewahi kuiiba ile kata. Sasa mchanga umeisha, Susu amechimba kwenye udongo wenyewe, chini ya mkuyu. Amechimba peke yake, kidogo kidogo, tangu Mei. Anafuata maji yanavyoshuka.

Asubuhi ya tano nilimtafuta nyumbani nikamkosa. Nikashuka mtoni nikiita. Nikasikia sauti inajibu, sijui kutoka wapi. Nilipofika karibu na mkuyu ndipo nikaona kilemba chake, chini kabisa, ndani ya shimo. Shimo ni refu kumpita. Amekata vidaraja kwenye ukuta vya kukanyagia, kama ngazi ya kuku. Alikuwa amechuchumaa na kikopo anangoja maji yajitokeze, kijiko kwa kijiko.

"Susu, toka huko!"

"Ngoja. Hakijajaa."

Ana miaka themanini, Mwangangi. Alitulea mimi na wewe tangu mama yetu alipotuacha, hakuwahi kutulaza na njaa. Nilimsaidia kutoka, nikampa Ryan ambebe, nikaingia mimi. Ukiwa kule chini mbingu inakuwa kama sahani. Nilijaza mtungi mmoja na ilinichukua mpaka jua likafika utosini. Nilipoegemea ukuta, bonge la udongo kama mtoto mchanga lilianguka karibu na mguu wangu. Lori lilikuwa linapita juu. Kila lori likipita, ule ukuta unatetemeka. Niliuhisi kwa mgongo wangu.

Hilo ndilo ninalokuandikia. Si mchanga tu. Siku moja ukuta ule utaanguka na yeye akiwa ndani, na hakuna atakayejua mpaka mtu aende kumtafuta nyumbani na kumkosa.

Nilimwambia aje Nairobi. Akaniuliza nitamlaza wapi, kwenye sinki? Kavinya humletea maji ya Athi kwa punda, lakini hayo ni ya kufulia, na hata nguo zinakataa kutakata. Nilimkataza asiingie tena shimoni. Akasema "sawa." Alisema "sawa" vile wewe husema "nitashughulikia." Sasa najua uliitoa wapi.

Alijua nitakuambia. Siku ya kuondoka alinishika mkono nikiwa tayari nimefunga mtoto, akasema: "Mwangangi usimwambie. Alinikatia njia ili nyumba yangu ije. Kijana yuko jangwani anabeba chuma. Ukimwambia haya, atalala vipi?" Akaingia ndani akatoka na ile kata, amenifungia kwenye gazeti. "Ipeleke. Huko mna maji ya mfereji. Mimi hapa nachotea kikopo, kata haiingii." Na akacheka, kama mtu aliyetoa zawadi. Sikuwa na moyo wa kumwambia habari za Jumanne na Ijumaa.

Kwa hiyo nimevunja neno lake. Nimewaza sana kabla ya kulivunja. Kata iko hapa jikoni, nimeitundika juu ya mitungi. Ni kavu. Ryan anapenda kuipigia ngoma.

Sikulaumu. Soma hilo mara mbili. Ulifanya kwa mapenzi, na mimi nilikupigia makofi. Lakini nilipokuambia mwezi wa Juni kwenye simu kwamba malori yamezidi, ulisema, "Huo ni mchanga tu, mvua italeta mwingine." Mwangangi, wewe sasa ni mtu wa zege. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba huko mmezungukwa na mchanga mpaka upeo wa macho lakini haujengi, ni laini mno, haushikani, na ule wa kujengea unaletwa kutoka mbali. Basi unajua tofauti. Mvua inaleta mchanga mahali ambapo kuna kitu cha kuuzuia. Pale kwetu, siku hizi maji yanakuja kwa hasira, yanapita mara moja, yanaenda Athi. Mvua ya Aprili mto ulijaa asubuhi, na jioni ng'ombe wanavuka kwa miguu mikavu.

Akina mama wa mwethya wako tayari. Wanataka kujenga ukuta wa mawe pale kwenye kona, wa kuvuka mto, ili mvua ya Oktoba ikija na mchanga kutoka juu, ukae. Mawe wameshaanza kuyakusanya Iviani, wanayabeba kwa punda. Wanasema baada ya mvua tatu nne mchanga utakuwa umepanda tena na maji yatakuwa chini yake. Lakini hawawezi kujenga ukuta mahali ambapo lori lina ruhusa ya kupita, utavunjwa siku ile ile. Kavinya aliniambia: "Mikono tunayo. Sahihi ndiyo hatuna."

Na hiyo ndiyo sababu ya pili ya barua hii. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Nimeiandika kwa mwandiko wangu mzuri, maneno ni machache: kwamba wewe unafuta ruhusa uliyompa mwenye malori, kwamba njia ifungwe, na kwamba mwethya unaruhusiwa kujenga ukuta kwenye shamba lako. Nimeacha nafasi ya jina, namba ya kitambulisho, na sahihi.

Nitakuambia ukweli wote, kwa kuwa mimi ni dada yako. Nilijaribu kuitia mwenyewe. Unajua ni mimi niliyekuwa natia sahihi fomu zako za shule kwa niaba ya Susu, na sahihi yako wewe naijua, hiyo M yenye mkia mrefu. Niliijaribu nyuma ya daftari la Wanza. Ya tatu ilifanana kabisa. Nikaichana. Mwenye malori angekupigia kukuuliza, na wewe ungelazimika kunikana au kudanganya kwa ajili yangu, na sitaki hata moja. Kitu hiki ukifanye wewe, kwa mkono wako, ukijua unachofanya.

Najua maana yake. Maana yake nyumba ingoje. Hakuna lori litakaloshuka na mawe wala bati mpaka ipatikane njia nyingine ya kuzungukia kwa mzee Kivuva, na fundi atanung'unika, na watu watasema Mwangangi ameishiwa. Wacha waseme. Susu ana nyumba yake ya matofali ya zamani, haivuji sana. Anachokosa si nyumba.

Okinyi anasema kuna mwenzenu anayekuja likizo katikati ya Septemba. Mpe karatasi. Nitaifuata popote atakapokuwa, hata uwanja wa ndege, nitakwenda kumngoja na watoto wote. Nikiipata kabla ya Septemba kwisha, ninaipeleka kwa chifu mimi mwenyewe. Nikiikosa, mvua itatukuta hivi hivi, na mimi sina lingine. Hapa nilipo, nimeshakwenda kwa chifu, nimeshasimama mbele ya lori, nimeshamkataza bibi, nimeshaomba. Ninachoweza kufanya kimebaki hiki, kuandika, halafu kungoja na kumpigia Kavinya kila asubuhi kumuuliza kama amemwona Susu. Akikawia kushika simu, napiga tena na tena mpaka aseme haloo.

Usije ukamwambia Susu kwamba nimekuandikia. Ukimpigia, muulize habari za kuku.

Nabiswa anakusalimu, anasema ulie kidogo halafu utie sahihi. Wanza anakupungia mkono kama kawaida. Kavinya na akina mama wote wa mwethya wanakusalimu, na mzee Kivuva pia, ambaye kila mtu akimwuliza afya anajibu, "Nimepungua kama mto." Nisalimie wenzako wote wa chumbani, uwaambie dada yako anawaombea pia kwa majina ninayoyajua, na wasio na majina nawaombea kwa jumla.

Mungu akuwekee kivuli huko kusiko na miti, azuie damu yako ibaki ndani, na akurudishe kwetu ukiwa na miguu yote miwili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokukaripia,

Ndinda.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Wanza ametoka kucheza kwenye ule mchanga wa ujenzi hapa chini, na alipovua viatu ukamwagika sakafuni. Nilichukua ufagio, halafu nikashindwa kuutupa. Nimeuangalia dirishani. Una vile vijiwe vyeupe na vile vinavyometameta kama mchanga wa Kavyuni, lakini macho yangu siyaamini tena, naona kila mchanga ni wetu. Nimekufungia kidogo kwenye karatasi ya daftari. Wewe ndiye unayejua mchanga. Uangalie, halafu uniambie.